Kelele za Baba Britta

Wifi yangu Marlys,

Huku Nebraska mahindi yameshavunwa na baridi imeanza kuuma. Kaka yako Duane hajambo, ila siku hizi amekuwa mkimya.

Unajua Duane anavyopiga kelele binti yetu Britta akicheza mpira wa wavu. Mwezi uliopita kocha wa chuo kikubwa, aliyekuwa akimfuatilia mtoto ili amsajili timu yao, alimwambia waziwazi: "Wewe tunakutaka. Baba yako ndiye tusiyemweza." Akaondoka, hakurudi.

Jumamosi alikuja kocha wa chuo kingine kumtazama. Asubuhi Britta akasema, "Baba, nakuomba leo usiingie ukumbini."

"Nitanyamaza, mwanangu."

"Hujawahi kunyamaza, Baba."

Nilidhani atafoka. Akachukua kofia yake, akatupeleka, akabaki garini nje ya ukumbi, kioo amekishusha, akisikiliza vishindo vya watu.

Walishinda, na kocha akamwahidi Britta nafasi chuoni. Nilitaka kumkimbilia Duane na habari hizo, mtoto akanizuia. Alitoka mwenyewe na jasho lake, akaketi kando ya baba yake, akaanza kumsimulia mchezo tangu mpira wa kwanza. Duane alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

Wako akukumbukaye,
Joleen