Siku Tunamzika Mama, Ndizi Zake Zilikuwa Baharini

Kwako dada yangu uliye Ubelgiji,

Ujumbe wako umenifikia. Unauliza kama migomba ya nyumbani imeshabeba tena, maana wateja wako wanasumbua na ungependa kontena la pili liondoke kabla ya sikukuu. Ukaweka na mioyo miwili myekundu. Ningekujibu kwa simu ningekutukana, na wewe ni mkubwa wangu. Kwa hiyo nakuandikia barua, angalau hapa nina nafasi ya kufuta.

Unakumbuka ulivyochukia utomvu wa ndizi? Mama alituketisha jikoni, beseni katikati, tunamenya, naye anakagua maganda. Akikuta ganda nene analiinua juu na kuuliza, "Hili nalo ni la kula au la kutupa?" Yako yalikuwa manene daima, tena kwa makusudi. Ulikuwa unajipaka mafuta ya kupikia mpaka viwiko, na Jumapili kwenye kwaya unaficha vidole nyuma ya kitabu cha nyimbo. "Mimi nitaolewa mahali wasipokula ndizi," ulikuwa unaniambia. Nilicheka. Nilikupenda kuliko mtu yeyote, na fungu lako la kumenya mara nyingi nililimaliza mimi.

Basi ukaolewa huko, na huko huko ukagundua ndizi. Ulipiga simu umejaa furaha, unasema watu wa kwetu, na Waganda, na Warundi, wanalilia matoke. Mabichi yanayokuja kwa ndege ni ghali mno, lakini yakimenywa na kugandishwa yanaweza kusafiri kwa meli wiki nyingi bila kuharibika. Ukatufundisha kwa video. Ulimenya ndizi moja mbele ya simu, ganda nene vilevile, Mama akacheka mpaka akakohoa.

Sitasema hatukufurahi. Mfanyabiashara wa samaki pale Kayanga, yule mzee mwenye asili ya Tanga, alitukodishia chumba chake cha baridi. Wanawake wa hapa kwetu Chonyonyo walikuja kumenya, tunatumbukiza ndizi kwenye maji ya limau zisipate weusi, tunazifunga kwenye nailoni, zinagandishwa, zinaingia kwenye katoni. Mama hakukosa hata siku moja ingawa hakuna aliyemwomba. Mara ya kwanza kushika ndizi iliyoganda aliirudisha haraka.

"Waitu, hii imekuwa jiwe. Kumbe mwanangu anauza mawe?"

Katoni zako zilikuja na picha yake, ile anayocheka na kitambaa kichwani. Aliona haya siku ya kwanza. Siku ya pili aliomba katoni moja tupu, akaiweka juu ya kabati sebuleni, uso ukielekea mlangoni ili kila anayeingia aone.

Halafu kontena likaja, jeupe, mashine yake ya baridi inanguruma pale mbele, na halikujaa. Ukapiga simu. "Likienda nusu nalipa bei ile ile. Kateni na za nyuma ya nyumba."

Za nyuma ya nyumba, Dada. Hukuhitaji kuuliza ni zipi. Mama hakuziuza hata miaka ile Baba alipofariki na sisi tukarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Ni za mgeni na msiba, alikuwa anasema, na mwenye kibanja cha migomba asiye na mkungu uliosimama ataaibika siku watu wakimjia. Nikakuambia hapana. Ukanijibu, "Wewe umebaki kijijini, biashara utaijulia wapi?" Hilo sijalisahau na sina mpango wa kulisahau.

Mama alinipokonya simu. Alikusikiliza mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Zikateni. Mgeni niliyekuwa namwekea ndiye huyu anaziomba."

Hukusikia maneno hayo, simu ilikuwa imeshakatika. Nayaandika leo ili uyajue. Alizimenya yeye mwenyewe, hakutaka mwingine aziguse, na zilipoganda ziliingizwa za mwisho, karibu na mlango wa kontena.

Lilipoondoka, Mama hakukaa muda mrefu. Alianguka uani asubihi anafagia, na hospitali hakuzungumza tena. Nilikupigia mimi. Ulilia, nilikusikia, sitakunyima hilo. Kisha ukajifuta kamasi, ukaniambia meli inakaribia kufika. Wakaguzi wa chakula wanataka mwenye mzigo awepo, usipokuwepo kontena litakaa bandarini na kila kitu kitaharibika. "Mzikeni," ukasema. "Nitakuja baadaye."

Baadaye nilimuuliza mzee wa samaki, maana yeye mambo ya baridi anayajua. Akanitazama kwa huruma. "Likichomekwa umeme bandarini linakaa, binti yangu. Ni gharama tu." Ni gharama tu! Na Mama naye angeweza kukungoja. Chumba cha maiti nacho kina baridi.

Sasa nikuelezee msiba ambao hukuuona. Wanawake walikuja na visu vyao kama kawaida. Wakaketi uani kwenye majani ya migomba, beseni mbele yao, wakangoja ndizi za kumenya. Baba mdogo akaingia kibanjani na panga. Nilikuwa najua atakachokikuta, lakini sikuwa na ujasiri wa kumzuia. Akazunguka huko, akarudi mikono mitupu.

"Kibanja kimeibiwa?"

"Hapana, Baba. Ndizi tulimpelekea Dada."

"Zote? Hata za nyuma?"

"Zote."

"Ziko wapi saa hizi?"

"Baharini."

Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Aliweka panga chini. "Zinafanya nini baharini," akasema, "na mwenyewe amelala humu ndani?"

Wanawake wakaanza kufunga visu kwenye vitenge vyao, taratibu, kila mmoja akijifanya hakusikia. Majirani wangetuokoa, lakini na wao walikuwa wametuuzia sisi, kontena lako lilikuwa limekomba kijiji kizima. Mama Asimwe wa ng'ambo ya barabara alileta mkungu mmoja ambao haujakomaa, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Ikabidi nipande bodaboda mpaka sokoni Kayanga na pesa uliyotuma ya turubai. Mimi, mtoto wa kibanja kile, nanunua ndizi za kumzikia mama yangu. Muuzaji alipoona ninavyojaza akaniuliza kwa furaha, "Una sherehe, dada?" Nikamwambia ndiyo.

Wiki chache baadaye ukatuma picha ya duka. Friza imejaa katoni zako, na Mama anacheka kwenye kila moja. Kibandiko cha bei wamekibandika kwenye paji lake la uso. Uliandika, "Zinaisha haraka!" Nilimwonyesha Baba mdogo, akaniomba nisimwonyeshe mtu mwingine.

Jibu lako ni hili. Ndiyo, migomba ya nyuma imebeba, tena vizuri. Haikatwi. Baba mdogo ameshasema mbele ya ukoo, na mimi nimeunga mkono: kibanja hiki hakitajaza kontena lolote tena nikiwa hai. Kama wateja wanasumbua, waambie mwenye ndizi amekufa.

Ningeishia hapo. Lakini mwisho wa ujumbe wako, chini ya ile mioyo, kuna sentensi ambayo nusura niiruke. Unasema katoni moja hukuiuza. Ni ya zile za mlangoni. Umeiweka kwenye friza ya nyumbani kwako, huwezi kuila na huwezi kuitupa, mara nyingine unaifungua tu na kuishika, kwa sababu ndiye Mama uliyebaki naye.

Nilitaka kucheka, nikalia. Nimekukasirikia, na bado nakuona umesimama mbele ya friza, mlango wazi, vidole vimekufa ganzi, hakuna hata mtu mmoja wa kukuambia pole.

Mama hayumo humo, Dada. Yuko hapa nyuma ya nyumba, na udongo umeshaanza kutitia kabla hujauona. Itoe hiyo katoni. Iache iyeyuke. Usiwaalike rafiki zako wala usipige picha. Zipike kwa maji na chumvi, keti chini sakafuni, ule mpaka ziishe. Watu wote waliokuja kwetu walikula, hata waliopita njia. Wewe ndiye mfiwa pekee ambaye hajala.

Mdogo wako,
Chonyonyo