Makisio ya Hatua Themanini na Nne

Mama Yusta wangu,

Leo nimeipima tena njia ya kuingilia nyumbani. Nimeanzia barabarani, pale basi la Namanyere linapoteremsha watu, nikaja nikihesabu mpaka kwenye kizingiti chako. Hatua themanini na nne, zile zile. Sijui kwa nini nilitegemea zingekuwa zimepungua.

Unanijua. Jambo likinishinda nachukua futi na penseli. Wewe ndiye uliyewaambia dada zako kwamba umeolewa na mtu wa Mbeya anayepima ugali kabla ya kunawa, wakacheka mpaka nikaona haya kurudi jikoni. Kukisia gharama za ujenzi wa serikali ndiyo kazi iliyonileta Sumbawanga. Barabara za watu nilizikisia zote, madaraja pia, na vyoo vya shule. Niliamini hakuna kitu chini ya jua kisichokaa kwenye fomu.

Unakumbuka tulivyohamia kijiji kipya? Viwanja viligawanywa kwa kura, na kura yako ikaangukia hiki cha mwisho, huku bondeni, maji yanakolala. Ulikaa juu ya godoro lililofungwa kamba, ukaangalia kule barabarani, ukaangalia nyumba ambayo haijaezekwa, ukasema afadhali hapa bustani haitakauka. Kaka yako akatutandikia magogo kwenye ile sehemu yenye tope. Masika ya kwanza magogo yalivumilia. Masika ya pili yalioza yakawa uji, na dereva wa ofisi akaanza kuniteremsha barabarani, nami nikawa naingia nyumbani nimebeba viatu mkononi.

Hapo ndipo nilipoamua njia ibadilishwe yote. Jumapili mbili nilitoka kanisani nikakaa mezani na karatasi ya kaboni. Changarawe tripu tisa. Kalvati mbili za zege. Saruji mifuko kumi na sita, nayo kwa kibali. Vibarua wanane kwa wiki tano. Nilipomaliza nilikusomea yote, nikitulia kila mwisho wa mstari kama napokea shahada. Wewe ulikuwa unapepeta. Hukusimama.

"Madebe mawili ya ulezi," ulisema.

Nilidhani hukusikia. Ukanieleza pole pole, kama unavyomweleza mgeni, kwamba mawe yamejaa mlimani na hayana mwenyewe, na kwamba baba yako alipotaka kufungua shamba aliita watu kwa pombe, wakaja na majembe yao, wakalima ntumba, yale matuta ya mviringo ya majani yaliyofukiwa, jioni shamba lilikuwa kama limejaa vichuguu. Nikakuuliza walilipwa nini.

"Baba Yusta, watu hawalipwi. Wanakunywa, wanaimba, wanaondoka. Kesho wakikuita, na wewe unakwenda."

Nilikujibu vibaya. Nimelirudia jibu lile mara nyingi hivi kwamba sasa nalisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Nilisema mimi ni mtumishi wa serikali, na siku hizi mtumishi akiita wanakijiji wabebe mawe kwenda mlangoni kwake, mkutano wa kwanza atasimamishwa na kuitwa mnyonyaji. Nilisema njia hii itajengwa kwa utaratibu au isijengwe. Ukasema, "Haya." Mimi nikadhani umekubali. Nilikuwa mwanamume mjinga, na nilikuwa na fomu ya nakala nne.

Kibali cha saruji hakikuja. Kila Jumatatu niliuliza, kila Jumatatu niliambiwa nisubiri. Wewe hukunikumbusha hata mara moja. Tumbo lako lilikuwa linakua, na kila siku ulivuka lile tope na ndoo kichwani, ukichagua pa kukanyaga. Mimi niliyaona hayo, na nikaenda kazini.

Asubuhi ile damu ilipoanza, mimba ilikuwa na miezi saba. Nilikimbia kutafuta gari, nikalipata, na nilirudi nimekaa mbele na dereva, mtu mzima, mtaratibu. Alifika barabarani akasimama. Aliitazama njia yetu, akazima moto, akasema, "Mzee, hapa nikiingia sitoki. Tumfuate kwa machela."

Hatua themanini na nne. Watu wanne wangekubeba bila kupumzika. Lakini ulikuwa unaumwa, na sikutaka uloweshwe na mvua mbele za watu. Na nikwambie lile ambalo sijamwambia hata padri: nilikuwa naona aibu. Mkisiaji wa barabara za watu, na gari linashindwa kuingia kwake. Nikamwambia dereva njia hii naijua, apite kushoto, chini kuna magogo, yale yale niliyojua yameoza. Akanisikiliza kwa sababu ya cheo changu. Gari likazama mpaka ekseli.

Yaliyofuata unayajua, ingawa ulikuwa umefumba macho. Walikuja watu wote wa mstari wetu wa nyumba, hakuna aliyewaita. Walisukuma, wakachimba, wakakata matawi. Mwisho walikubeba, wakakupitisha kando ya gari lile, wewe umefunikwa turubai, mpaka barabarani, na tukangoja pale kwenye mvua hadi saa tisa lilipopita lori la mahindi. Uliniuliza kama Yusta amekula. Nikasema amekula. Ulinishika mkono wa kulia, kidole cha penseli, na hatukufika mjini pamoja.

Usiku ule ulilala mochwari mjini, na kesho yake nilikwenda kutafuta jeneza. Niliporudi nawe, mchana, nilijiandaa kukushusha barabarani. Dereva hakusimama. Aliingia tu. Nikainua mkono kumzuia, na gari likaja mpaka mlangoni bila kuteleza hata kidogo. Walikuwa wameamka alfajiri, Mama Yusta. Wanaume, wanawake, hata wale wazee ambao nilihofia wangenisema mkutanoni. Walilitoa gari lile topeni, wakashusha mawe mlimani, wakayapanga, wakayashindilia, wakachimba mfereji pembeni. Kazi ya wiki tano waliimaliza kabla ya saa sita. Hawakunywa kitu. Hawakuimba pia.

Hivyo ukafika nyumbani kwa gari.

Mama yako alikuja kutoka Milepa akakaa nasi. Siku moja alipanda darini kutafuta mboga kavu, akashuka na magunia mawili madogo, akayafungua mbele yangu. Ulikuwa ulezi uliooteshwa, umekauka, tayari kusagwa kwa pombe. Mama akachukua kiganja kimoja akanusa. Akasema kimea hiki kina miezi. Akaniuliza kulikuwa na shughuli gani. Kumbe ulisema "haya" na ukaenda kuloweka ulezi, ukauotesha, ukauanika mimi nikiwa ofisini, ukauweka darini ungoje siku ambayo akili ingenirudia.

Pombe ile tuliinywa siku ya kumaliza matanga. Mama yako ndiye aliyeipika. Watu waliokaa wakainywa ni wale wale ambao ungewaita, na walikuja kwa njia ile ile ambayo wangekuja kuijenga. Mzee mmoja alisema ni pombe nzuri, aliyeotesha kimea hiki alijua kazi. Nilipewa kibuyu cha kwanza kama mwenye nyumba. Nilikishika tu. Mpaka leo nasukuma sahani ikiwa nusu, na Yusta ananitazama.

Sasa gari lolote linaingia. Juzi dereva wa ofisi alinileta mpaka mlangoni, akasifu njia, na nikakaa ndani ya gari muda mrefu kwa sababu sikuona nashukia nini. Mama yako alikuwa kizingitini. Aliuliza, si kwa ubaya, "Baba Yusta, sasa gari likifika hapa linamfuata nani?"

Kwa hiyo leo nimepima, nikachukua fomu safi. Mawe, ya mlimani. Watu, wa kijijini. Muda, nusu siku. Kimea, madebe mawili. Vyote vilikuwepo, mke wangu. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kibali. Pumzika huko uliko, na kama wafu wanaweza kuchelewa kusamehe, chelewa, sitakuharakisha.

Kwenye mstari wa aliyekisia nimeandika jina lako. Fomu haina mstari wa aliyekataa, ndiyo maana nimetia sahihi yangu hapa, kwenye barua.

Mume wako,
Baba Yusta