Mtu Ambaye Hakushika Mchanga

Aba,

Guyo amerudi. Nakuambia hilo kabla ya salamu kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza hali ya mbuzi wako. Majaji watatu huko Nairobi wamesema hakukuua. Hapana, hawakusema hivyo. Walisema ushahidi hautoshi kumnyonga mtu, na nafikiri hiyo ndiyo njia ya wakubwa ya kuomba msamaha bila kufungua mdomo. Hata hivyo mlango ulifunguliwa akatoka. Jana alasiri alishuka kutoka kwenye lori la mahindi hapa Isiolo, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, amevaa koti la mtu mwingine.

Mama anasema marehemu haandikiwi barua, anaombewa dua. Nimekuombea tangu siku ile na sikuacha. Leo sitaki kuomba. Leo nina hasira, na katika familia hii hakuna mtu aliyewahi kunivumilia nikiwa na hasira isipokuwa wewe, baba yangu. Ulikuwa unacheka na kuniambia, "Darmi, wewe ungezaliwa ngamia, hakuna mtu angekukamua." Basi cheka.

Wacha nianzie pale ulipoangukia, kwa sababu yaliyofuata hukuyaona.

Ilikuwa magharibi, mbuzi wanaingia bomani. Unajua saa hiyo ilivyo kwetu. Vumbi limesimama hewani, jua liko chini kabisa nyuma ya miiba, mtu akipita unaona shuka tu. Baba mdogo Jarso, ndugu yako wa tumbo moja, alikuwa anatoka kisimani. Aliona mtu akitoka ndani ya boma, amejitanda shuka kichwani, akaruka ua na kwenda zake. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia Jarso akipiga nduru, nikakimbia, nikawa wa kwanza kukufikia. Sitakueleza nilichokiona. Kisu kilikuwa kimemaliza kazi yake, na mbuzi hakupungua hata mmoja, wala mbwa wetu hakuwa amebweka.

Watu wakaja. Wakamwuliza Jarso, "Ni nani?" Na Jarso akajibu, mimi nikiwa nimeweka kichwa chako magotini kwangu, akajibu, "Sikuona uso. Ni mtu tu, amejifunika." Askari alipofika akamwambia hivyo hivyo. Yashike maneno hayo, Aba, kwa sababu yalikaribia kupotea duniani.

Kesho yake wakakuzika. Sisi wanawake tulibaki bomani, lakini mazishi tuliyajua yote kabla wanaume hawajanawa mikono. Mji mzima ulikuja. Madalali wa soko la mifugo walikuja, Wasomali wa maduka walikuja, Wameru waliokuuzia miraa walisimama kando na kofia zao mkononi. Hata wale mliogombana nao walikuja. Kila mwanamume alishika mchanga mara tatu akautupa kaburini. Guyo hakuwepo.

Na nani hakujua ahadi yenu? Tangu ujana mlikuwa mkigombania bei ya fahali pale sokoni mpaka mishipa ya shingo inasimama, kisha mnakunywa chai kikombe kimoja, na kila mara mmoja wenu angesema: atakayebaki ndiye atakayeingia kaburini kumlaza mwenzake. Watu waliizoea ahadi hiyo kama walivyozoea sauti zenu. Kwa hiyo siku ile, kaburi likiwa wazi, kila mtu aligeuza shingo kumtafuta. Aliingia mtu mwingine kukulaza. Guyo alikuwa njiani kwenda Oldonyiro na fahali wake, mbele yake vumbi na nyuma yake vumbi, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba rafiki yake amekufa.

Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Haikuanzia bomani. Ilianzia makaburini.

Wanaume walirudi wakaketi matangani, wakaanza kutaja mikono. Fulani alishika mchanga. Fulani naye alishika. Nani hakushika? Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea chai, nikawasikia. Siku ya kwanza lilikuwa swali. Siku ya pili lilikuwa jibu. Kabla matanga hayajaisha, Jarso aliweka kikombe chini, akasema taratibu, "Sasa nikikumbuka vizuri, ule mwendo ulikuwa wa Guyo." Kesho yake akawa amekumbuka na uso.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Jarso aliambiwa.

Sisemi alidanganya. Afadhali angedanganya, Aba, maana mwongo unaweza kumwaibisha akanyamaza. Jarso anaona. Mpaka leo akifumba macho anamwona Guyo akiruka ua wetu, na ataapa kwa msahafu mkono usitetemeke. Walimpa uso, akamvisha yule mtu wa vumbini, na sasa hautoki.

Guyo alipopata habari alikuja moja kwa moja kwetu, hata kwake hakupita. Alikuwa analia kwa sauti. Askari wakamkamatia mlangoni petu. Kisha wakafanya gwaride la kumtambua. Walikusanya makarani na wenye maduka wa mjini, suruali zimepigwa pasi, wakamsimamisha Guyo katikati na kikoi chake na vumbi la njia miguuni. Jarso akaletwa amwonyeshe kwa kidole mtu aliyekua naye tangu utoto. Hata mbuzi wetu wangemtambua.

Kesi ilisikilizwa Meru. Wakili aliyepewa Guyo na serikali alimwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile. Nilimfuata kwenye baraza la korti nikamweleza maneno ya kwanza ya Jarso, neno kwa neno. Akaniuliza, "Wewe si mtoto wa marehemu? Sasa unataka kumsaidia muuaji?" Nikamwambia nataka kumsaidia baba yangu. Akaangalia saa yake akaingia ndani. Upande wa mashtaka nao hawakuniita. Kumbe mtu aliyeshika kichwa chako hakuwa na la kusema.

Wachungaji wawili waliosafiri na Guyo walisema walilala naye njiani usiku wa siku uliyouawa. Wakaambiwa ni watu wake, lazima wamtetee. Akaja konstebo kijana, yule wa siku ya kwanza. Akasema waziwazi, mbele ya sisi sote, kwamba siku ile Jarso hakutaja jina la mtu yeyote. Nilitaka kusimama. Nilidhani korti nzima imesikia. Jaji aliandika, akageuza ukurasa, na mwishowe akamhukumu Guyo kunyongwa. Wanaume wa ukoo wetu walitoka nje wakapeana mikono kama waliouza ngamia vizuri.

Nikawaambia. Niliwaambia wote, Aba, mmoja mmoja na kwa pamoja. Wakaniuliza, "Wewe msichana, damu ya baba yako unamuuzia nani?" Mama alikaa siku nyingi bila kunisemesha. Jarso akanitafutia mume wa haraka huko Merti, ili nikapigie kelele mamba wa mto Ewaso. Nilikataa. Nilitoka bomani na sufuria mbili, nikafungua hoteli ya chai karibu na soko la mifugo, na ndipo nilipo mpaka leo. Ungeipenda. Chai yangu ina maziwa, si kama ile ya maji uliyokuwa ukiilalamikia.

Mke wa Guyo, Tume, alikuwa akipita mbele ya hoteli akiwa amefunika uso. Mimi niligeuka upande wa jiko. Mtu atamwambia nini mwenzake hapo? Siku moja akaingia, akakaa, hakuagiza kitu. Akaniuliza, "Darmi, wewe ulisikia?" Nikasema nilisikia. Akasema, "Basi twende." Aliuza ngamia waliobaki tukapanda lori mpaka Nairobi, wajane wawili wa mtu mmoja, ungedhani, mmoja anamlilia aliyekufa na mwingine anamlilia anayengoja kufa.

Tulipata wakili mzee, Mhindi, mwenye kikohozi. Alisoma kesi yote siku nzima. Nilikuwa nimejiandaa kusema yangu, nimeyarudia njia nzima. Akanizuia kwa mkono. "Wewe huhitajiki, mama. Haya yote yamo humu." Yalikuwa maneno ya yule konstebo. Yalikuwa yamelala humo muda wote, hakuna aliyeyaamsha.

Siku ya rufani aliwauliza majaji swali moja tu. Mtu unayemjua tangu utoto, ukimwona akitoka kumuua ndugu yako, na watu wakakuuliza hapo hapo ni nani, utahitaji siku ngapi kulikumbuka jina lake? Majaji wakatazamana. Tume alinishika mkono akawa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira. Swali hilo niliuliza mimi, Aba. Niliuliza pale Meru kwenye baraza la korti, niliuliza matangani, niliuliza mbele ya birika la chai. Rais amekufa, mwingine ameapishwa, watoto siku hizi wanapewa maziwa shuleni, mbuzi wako wamekuwa bibi na wamechinjwa, na miaka yote hiyo Guyo alikuwa analala chini ya taa isiyozimwa, akisikiliza nani ataitwa alfajiri. Yote hayo kwa swali ambalo mtoto wa shule angeuliza.

Jana alipokuja hakwenda kwake kwanza. Alisimama mlangoni pa hoteli yangu akasema, "Salaam aleikum, binti Galgalo. Nionyeshe." Nilijua anataka nini. Nilivua aproni.

Tulipita msikitini watu wakitoka kuswali. Jarso alikuwepo. Guyo akatoa salamu, kwa sauti, akimtazama yeye. Salamu ni deni, lazima irudi. Jarso aliirudisha akiangalia viatu vyake. Jioni nikaambiwa amesema tena, "Korti imesema yake, lakini mimi nilimwona."

Makaburini Guyo hakujua lipi ni lako. Hilo liliniuma kuliko yote. Mtu aliyeahidi kukulaza, anasimama katikati ya mawe anazungusha macho kama mgeni. Nikamwonyesha. Akapiga magoti, akashika mchanga. Ule wa kwanza upepo uliuchukua. Akashika mwingine, akaufunika kwa mkono wa pili mpaka ulipofika chini. Alipomaliza mara tatu akasema, "Galgalo, walinichelewesha." Nikageuka nisimwone.

Na hapo nilipogeuka ndipo nilipoelewa, na tangu hapo sijala. Miaka yote hii tulimtafuta mtu ambaye hakushika mchanga. Hatukuwauliza walioushika. Mbuzi hakuibwa, mbwa hakubweka. Aliyekuua alikujua, Aba. Na mtu anayekujua, mji mzima ukiwa pale, angethubutuje kukosa mazishi? Alikuja. Alisimama kwenye mstari, akainama, akakutupia mchanga mara tatu, na watu wakaona mkono wake wakaridhika.

Leo asubuhi nilikwenda kwa askari. Nikauliza nani sasa anamtafuta aliyemuua baba yangu. Yule wa mezani akasema, "Hiyo faili ilifungwa, dada. Si korti ilipata mtu?" Nikamwambia korti imemwachilia. Akasema, "Sasa wewe unataka tufanye nini?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anakula mahindi. Nilitaka kumpindulia meza.

Huenda aliyekuua nampa chai, unajua? Huenda kila asubuhi mkono ule unapokea kikombe kwangu na kuniambia ahsante. Leo niliangalia mikono ya wateja wangu wote. Kuna mmoja, jina lake sitaliandika, ambaye hupenda kuangalia kando ninapomtazama. Nikaanza kukumbuka. Nikakumbuka alikuwa na shuka kama ile. Nikakumbuka ule mwendo. Kisha nikashtuka, nikaweka birika chini, kwa sababu mimi sikuona mwendo wowote, Aba. Nilikuwa jikoni. Nusu ya asubuhi tu, na tayari nilikuwa nimeshamvisha mtu uso.

Nina hasira na Jarso, na jaji, na wakili aliyeangalia saa. Lakini nina hasira na wewe pia. Ni wewe peke yako uliyemwona karibu, uso kwa uso, na umenyamaza. Hata ndotoni hukuja ukaniambia jina. Unakuja unaniuliza mbuzi.

Basi sikiliza ahadi yangu. Nitaendelea kuuliza. Nitauliza hapa, na kwa askari watakaokuja baada ya hawa, mpaka wanichoke na wakishanichoka niwaulize tena. Lakini sitakuletea mtu yeyote tu ili moyo wangu upoe. Kama sikuuona uso wake, abaki bila uso mpaka uonekane, hata nikizeeka na birika mkononi.

Lala sasa. Aliyeahidi kukuzika amekuzika. Mimi bado nina kazi.

Darmi wako