Babu Amuri na kwanga

Sharifa!! Acha kupika, soma kwanza.

Wakwe wa Lokandu wako hapa, wamekuja na posa ya mudogo wangu. Baba akaanza ile wimbo yake ya kila siku: babu yetu Amuri, fundi wa mashua, mbele ya Wabelgiji kufika, Kindu nzima ilimuheshimu.

Muzee mumoja wao akacheka. "Amuri? Ule wa kwanga?"

KWANGA, Sharifa! Ile mukate ya muhogo, ya kula!

Kumbe, muzee anasema, tajiri mumoja alimupa Amuri mashua yake akwangue, aoshe tanga, azibe nyufa za mbao na pamba yenye mafuta. Lakini Amuri alikuwa ameoa juzi tu, na bibi yake alilia shingo inamuuma usiku. Huruma ikamushika. Pamba yote ikaingia mu muto wa bibi wa kulalia. Nyufa akaziba na kwanga! Akapaka mawese juu, mashua ikang'aa, naye akajiona fundi kweli.

Wakashusha mashua mu Lualaba. Tajiri amesimama mbele, kanzu nyeupe. Samaki wakakuja, wakala kwanga yote!! Maji yamefika tajiri kiunoni, anapiga kelele: "Amuri, nini hii?"

Amuri amekamata kitunga. "Bwana, samaki iko mingi. Tuvue kwanza."

Tuvue kwanza!! Mashua inazama!

Nikasema, posa imekufa.

Sasa wamefungua zawadi ya mudogo wangu. Sharifa, ni muto wa kulalia. Wa pamba. Wameubeba toka Lokandu.