Athumani, Tawi la Msikiti Limeshuka

Athumani rafiki yangu,

Limeshuka! Lile tawi la mtoma, huu mkuyu wetu wa Karagwe, lililoinamia msikiti limeshuka, na msikiti umesimama, na nyumba yako imesimama, na paani hakukung'oka hata unyasi mmoja. Najua ulinifundisha kwamba barua huanza kwa salamu. Dua nimekusomea asubuhi kaburini, na salamu utazipata humu humu, lakini jambo hili limenijaa kifuani na nikilichelewesha nitapasuka. Aliyelishusha ni binti yako Mwanaidi. Mimi nilikuwa chini, nimeshika kamba.

Sasa nitulie nikueleze vizuri.

Ilipopita arobaini yako, mkeo Bi Zuhura alikuja kiwandani kwangu na vyombo vyako vya kukwelea kichwani: ile kamba ndefu ya makumbi ya nazi uliyotoka nayo pwani, ukanda wa ngozi wa kukwelea, shoka dogo, na yale makapi mawili ya kupitishia kamba, la mti na la chuma. Akavitua karibu na mivukuto, akasema, "Shemeji, vikiwa ukutani kwangu naona kama yuko njiani anarudi. Vikae kwako." Nikavitundika. Kila Ijumaa nilikuwa nashusha ukanda naupaka samli usikauke, kisha naurudisha. Nikawa nazungumza navyo. Usinicheke. Kiwanda kilikuwa kimya, Athumani. Wewe ulikuwa na maneno mengi mno, na sikujua kwamba nilikuwa nafua chuma kwa kufuata maneno yako.

Watu waliendelea kuja. Kila aliyekuwa na mti juu ya nyumba alikuja kuuliza ni nani atakata sasa, nami nikawa najibu hakuna. Mzee mmoja wa Ihanda hakuningoja. Aliukata mti wake kwa shina, ukalala juu ya zizi. Ng'ombe walikuwa malishoni, Mungu alimhurumia, lakini zizi lote alilijenga upya.

Nikawa nakumbuka siku ulipofika Bugene na msafara, na mzigo wako wote ni kamba. Wafanyabiashara wa hapa walikuuliza unauza nini, ukasema huuzi kitu, wewe ni mkwezi wa minazi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mkwezi wa minazi, Karagwe! Hapa kuna migomba, na mgomba haukwewi. Wewe ukainua uso, ukatazama mtoma pale sokoni ulivyotanda juu ya vibanda, ukasema, "Mnazi haupo. Miti ipo." Jioni ile ile ukaja kwangu kutia shoka makali. Mimi Mnyambo, mwana wa mhunzi, Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza, na wewe Kinyambo hukijui hata cha kuombea maji. Tuliongea kwa shoka.

Halafu zile kucha za chuma za kuvaa miguuni! Nilizifua kwa moyo wangu wote, nikazitia ncha kama za chui, nikasema rafiki yangu sasa atapanda kama mdudu. Ulipanda hatua chache tu, ukatazama chini ukaona utomvu mweupe unatiririka kila ulipokanyaga, ukashuka. Ukazivua taratibu. "Selemani, hizi ni za mti unaokufa. Sisi tunapanda mti ulio hai." Nilinuna. Baadaye nilizifua zikawa majembe, na majembe yale bado yanalima.

Lakini kilichotushinda ni msumeno. Uliutaka msumeno wa mkono mmoja, uliopinda kama mundu, unaokata unapovuta, ili mtu aliyening'inia kwenye ukanda asihangaike kusukuma. Ulinichorea vumbini. Nilijaribu chuma cha hapa kwetu, kikapinda. Nikakizidishia moto na maji, meno yakakatika kama punje za mahindi mabichi. Tulijaribu mpaka mkeo akatuita watoto. Ulikufa kwa homa ile na msumeno hatujaupata, na hilo, rafiki yangu, lilinikaa rohoni kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Basi zikaja mvua. Upepo mmoja wa alasiri uliupasua mtoma wa msikitini pale unapogawanyika pande mbili. Upande mmoja ulibaki wima, mzima. Ule mwingine, mnene kama pipa, uliinama nusu juu ya msikiti na nusu juu ya nyumba yako, umeshikwa na nyuzi za gome tu na vijitawi vilivyojipachika kwenye matawi ya upande mzima. Kila upepo ulipopita mti ulilia. Mwalimu Hamisi akahamishia sala uwanjani, watu wanasujudu kwenye matope. Bi Zuhura akaambiwa ahame. Akajibu kwamba aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na akitoka atatoka kwa miguu yake siku anayotaka yeye.

Wanaume tulikutana. Wengine walisema tuukate mti wote chini kwa mashoka. Nikawauliza utaangukia wapi, wakatazama msikiti, kisha wakatazama nyumba. Mwingine akasema tuchome mizizi. Mzee mmoja wa Kinyambo, ambaye si mtu wa msikiti lakini nguo za mbugu za baba zake zilitoka kwenye gome la mti ule, akasema akiona moto hapo atakaa kwenye mizizi achomwe nayo. Tulitawanyika bila uamuzi.

Siku iliyofuata Mwanaidi akaja kiwandani. "Shikamoo, ami." Marahaba. Akafungua kanga akatoa upanga wako uliovunjika, ule uliokuja nao kutoka Pangani, ambao hukukubali kuutupa wala kuniruhusu niuguse. Akauweka juu ya fuawe.

"Chuma hiki kinafaa msumeno?"

Nikamwambia chuma hiki ni chema kuliko vyote nilivyovishika, lakini ni cha baba yake.

"Baba alikuwa anautunza ili iweje? Ufanye, ami. Nitakwea mimi."

Athumani, nilijua ulimfundisha. Nilimwona utotoni akiwa juu ya miti nawe, nikamwona hata alipokuwa mwari unampandisha nyuma ya nyumba kukiwa hakuna wageni. Lakini sasa ni mama wa watoto, mumewe yuko safarini Bukoba na mizigo ya ngozi, na mti wenyewe uko mbele ya msikiti mchana kweupe. Nilimwambia hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Ndiyo, ami. Msumeno utakuwa tayari lini?"

Niliupasha upanga ule moto mdogo, sikuwa na haraka. Nikaupinda kama mchoro wako. Meno niliyakata kwa tupa, moja moja, nikayaelekeza nyuma, yaume kwa kuvuta. Nilipoutia maji nilifumba macho kama mtoto. Nikaujaribu kwenye gogo la mvule. Ukaingia. Nikavuta tena, ukaingia zaidi, na unga wa mti ukamwagika miguuni kwangu laini kama unga wa muhogo. Nikaketi chini kwenye kiwanda changu nikalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikacheka. Nilikuita kwa jina. Nadhani majirani walisikia.

Mwalimu Hamisi aliposikia nani atakwea, alikuja kwa Bi Zuhura akasema mwanamke kupanda juu ya msikiti ni jambo zito. Mkeo alikuwa anamenya ndizi. Hakuinuka. "Mwalimu, nitajie mwingine anayeweza, nimpelekee uji." Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu kwa haki kabisa, maana ni mtu wa haki. Akasema, "Basi avae suruali ya baba yake, na wanaume wasiovuta kamba wakae upande wa soko." Na yeye mwenyewe akaja kuvuta kamba.

Mwanaidi alikwea upande mzima, sio ule uliopasuka. Aliuzungusha ukanda nyuma ya shina, akaegemea, akaurusha juu, akapanda, akaegemea tena, bila kucha, bila kuchubua gome. Nilikuona wewe. Mabega yale yale. Ilinibidi nitazame pembeni kidogo. Alipofika kwenye panda ya juu iliyo imara alifunga kapi la chuma, akapitisha kamba ya makumbi, na ncha yake akaifunga kwenye lile tawi bovu. Ncha nyingine ilikuja kwangu. Niliizungusha kwenye kisiki cha mti wa zamani kilicho nyuma ya kisima, kama ulivyotuonyesha, ili kisiki kibebe uzito na mikono yetu iongoze tu.

Alianza nchani. Kipande kwa kipande. Kila mara anakata kwanza kidogo kwa chini, halafu anahamia juu, ili gome lisichanike likashuka na shina. Msumeno ulikuwa unaimba, Athumani! Nisamehe kwa kujisifu, lakini leo nitajisifu. Kipande kinaachia, kamba inakaza, tunakiteremsha taratibu mpaka wanaokifungua wanakipokea kama mtoto. Kina mama walikuwa wameanza kupika, wanatazama juu na chungu kinafurika.

Ikabaki sehemu nene, ile yenyewe. Alipoanza kuikata, mpasuko ukalia mlio ambao sijausikia tena tangu siku ile, na tawi lote likajitoa kabla hajamaliza. Kamba ilikaza ikalia. Lile gogo likaanza kubembea kuelekea paa la msikiti. Kila kilichokuwa ndani yangu kilisema shika, Selemani, shika, na Mwalimu Hamisi nyuma yangu alikuwa ameikaza kamba kwa uzito wake wote. Ndipo nikasikia sauti ya Mwanaidi kutoka juu:

"Ami, legeza! Liachie lishuke, legeza!"

Nilitazama juu, nikamwona amejikunja kwenye ukanda, anaangalia gogo, haniangalii mimi. Alikuwa anaona nisichokiona: tukilishika litafika paani, tukiliachia litafika chini kabla halijabembea mpaka huko. Nikamwamini. Nikapiga kelele, "Mwalimu, achia!" Nikafungua mikono, na kamba ikapita kisikini inatoa moshi, na gogo likashuka kwa kishindo kilichotikisa miguu yetu, likalala katikati ya ukuta wa msikiti na ukuta wako, mahali ambapo mtu na mbuzi wake wangepishana kwa taabu. Vumbi likapanda. Mwalimu alisogea akagusa ukuta wa msikiti kwa kiganja, akagusa ukuta wa nyumba yako, akageuka na uso umelowa.

Vigelegele alivianza Bi Zuhura. Mkeo, Athumani, ambaye tangu ufe hajapaza sauti! Alitoka na mwiko mkononi akapiga kigelegele, na soko zima likajibu, na Mzee wa mbugu akaanza kucheza peke yake akipiga fimbo yake chini, na watu waliokaa upande wa soko wakasahau walikatazwa wakaja mbio wote.

Lakini binti yako hakushuka. Alitupigia kelele tungoje. Akasogea mpaka kwenye jeraha la shina akalisawazisha pole pole kwa msumeno, akaacha ule uvimbe wa shingoni mwa tawi ambao wewe ulikuwa ukisema usikatwe kamwe kwa sababu ndio unaofunika kidonda. Watu wanashangilia, yeye anamtibu mti. Alipomaliza ndipo akashuka, akaja moja kwa moja kwangu, akanipa msumeno kwa mikono miwili, akasema, "Haukupoteza jino hata moja, ami." Nikamshika kichwa tu kama ninavyowashika wanangu.

Tulikula pale pale, ndizi na maharage na kuku watatu wa Mwalimu mwenyewe, na kahawa ya kutafuna ikazunguka kwenye kikapu. Adhuhuri watu waliingia msikitini wote, wenye matope na wasio na matope. Mume wa Mwanaidi alirudi kutoka Bukoba siku chache baadaye, akasimuliwa njiani na watu wasiojua ni mkewe wanayemsimulia. Alifika nyumbani akasalimia. Kisha akafungua mzigo wake, akatoa suruali mpya ya kitambaa cha marekani aliyojinunulia yeye, akampa.

Mtoma umechipua. Pale kwenye jeraha gome limeanza kujikunja kuzunguka pembeni, na juu yake majani mapya mekundu yanazidi kuwa kijani kila nikipita. Mzee wa mbugu anasema utaishi kuliko wajukuu wetu. Na wanaomwita Mwanaidi ni wengi kuliko waliokuita wewe. Wiki hii tunakwenda kwa yule mzee wa Ihanda, ana mti mwingine, na safari hii ametuma ujumbe kabla.

Rafiki yangu, ulikufa ukidhani kazi yako imekufa nawe, uliniambia hivyo siku ya mwisho na mimi sikuwa na jibu. Jibu nimelileta. Lala salama, Mungu akupe nafasi pana na kivuli. Nami nakuahidi: maadamu miguu yangu inanishika, binti yako akiwa juu, mimi nitakuwa chini.

Rafiki yako,
Selemani mhunzi, Bugene