Msiba Niliomnyima Baba Mdogo

Jumanne, 8 Julai. Kasongo

Nimemaliza kupiga msasa vigoda vitatu, vya mwisho alivyochonga Baba. Nimevipaka mawese. Mikono bado inanuka. Kichwa kilichonyolewa kinawasha chini ya kitambaa.

Shangazi Machozi, dada yake Baba, amekuja na wazee wa ukoo. Matanga yataondolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi, binti yake Baba na mtoto wake wa kwanza, ndiye wa kwenda Wamaza kumwambia Baba Mdogo Amuri kwamba kaka yake amekufa. Simu hapana. Kwetu kifo cha kaka hakisemwi kwa simu. Mwenye msiba anakwenda mwenyewe, anasema kwa kinywa chake, na kama marehemu alikuwa fundi, anaweka chombo chake cha kazi mbele ya ndugu. Kabla ya hapo ndugu haruhusiwi kulia, hata kama amesikia njiani. Wala matangani haji.

Na ndugu asiyekuja matangani anajulikana atasemwaje. Kwamba ndiye aliyemla marehemu kwa uchawi.

Nimekubali haraka. Shangazi ameniwekea mkono kichwani, ameniombea njia njema. Tezo ya Baba, ile ndogo ya kuchongea, nimeifunga ndani ya kitenge na kuiweka chini kabisa kwenye begi.

Nitakwenda. Sitamwambia.

Jumatano, 9 Julai. Njiani

Pikipiki tangu asubuhi. Vumbi hadi kwenye meno. Daraja moja ni magogo mawili tu, nimevuka kwa miguu. Kiangazi kimekausha nyasi, mahali pengine wamechoma, na kunguru wanatembea kwenye majivu. Nimelala kwa mwalimu mmoja wa shule. Nimemwambia ninazunguka peke yangu kuangalia kazi za mikono, vyungu, mikeka, vitu vya mbao. Ameniona tajiri. Afadhali.

Niandike sababu, nisije nikalegea.

Baba na Amuri walichonga pamoja. Kanisa dogo la kisiwani, kule kwenye Lualaba, likaagiza mlango. Baba akauchonga, mlango mzima samaki. Amuri akaandika jina lake chini. Sifa zikamfuata Amuri. Akahamia upande wa Kabambare, akaoa Mwislamu, akasilimu, akapewa kazi hata za misikiti. Baba akabaki Kasongo na vigoda na michi. Hiyo ndiyo hadithi niliyolishwa tangu utoto. Mlango wenyewe sijauona. Baba hakutaka tukanyage kisiwani mpaka jina lile litoke. Siku zake za mwisho aliniomba hilo tu, nikalikwangue.

Nitalikwangua wakati wa kurudi.

Alhamisi, 10 Julai. Kabambare

Sokoni kuna vyungu vizuri, vyekundu, shingo nyembamba. Nimenunua kimoja kidogo ili nionekane msafiri kweli.

Halafu msikitini. Nimeomba kuona mimbari, mzee anayetunza akanifungulia baada ya sala ya adhuhuri. Kazi ya fundi Amuri, akasema, kwa majivuno kana kwamba ni mwanawe. Maua na nyota, ngazi tatu, hakuna msumari.

Nimetafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa. Nikapitisha kidole. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na mikato yake yote inalala kushoto. Nafumba macho na kujua kigoda chake kati ya vigoda kumi. Mikato ya Amuri inalala kulia. Safi. Sawasawa. Hakuna kosa hata moja.

Nimetoka na hasira kuliko nilivyoingia. Alijifunza kwa nani? Kwa Baba. Chakula cha Baba kimenenepesha mwili wa mwingine.

Ijumaa, 11 Julai. Wamaza

Ni mzee. Sikutegemea. Nilikuwa nimebeba moyoni kijana mwenye jeuri, na aliyetoka nje ni mtu wa nywele nyeupe, amevaa kofia ya mkeka, anachechemea kidogo. Ana pua ya Baba. Hilo limeniudhi sana.

Alinijua kabla sijataja jina. Akanipokea begi mwenyewe kutoka kwenye pikipiki. Akalishika kidogo mikononi kabla ya kulitua. Mkewe, Mama Hadija, akaleta maji ya kunawa.

Akaniuliza habari za kaka yake, hivi tu.

"Mukubwa yangu iko namna gani?"

Nimejibu, "Iko muzima, Baba mudogo. Anawasalimu."

Akaniangalia, akaangalia chini. Akasema sawa, nipumzike, njia ni mbaya.

Nimefanya. Ilikuwa rahisi kama kumeza maji.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia ninapenda kuona kazi na misitu, sina haraka. Amenitembeza siku nzima. Msitu wa huku ni mnene, chini kuna baridi hata mchana. Anajua miti kama watu wanavyojua majirani. Huu unapasuka ukikauka. Huu una maziwa yanayowasha macho. Huu usiukate mwezi ukiwa mkubwa, utaliwa na wadudu. Yote hayo Baba aliyasema pia, kwa maneno yaleyale.

Palikuwa na vipepeo wengi, wa buluu, wamekaa kwenye matope ya kijito. Nimesimama kuwaangalia nikasahau chuki kwa muda. Nikakumbuka. Nikaishika tena.

Jioni bugali, sombe ya majani ya mihogo, na samaki mkavu. Nakula vizuri. Mama Hadija ananiongezea bila kuuliza. Ninamtazama Amuri anavyotafuna na kuwaza, Jumamosi ijayo ukoo mzima utauliza uko wapi. Watasubiri mpaka jua lizame. Halafu jina lako halitatajwa tena kwetu ila kwa kutema mate.

Hajaniuliza tena habari za Baba. Mara moja tu ile. Moyo mgumu.

Jumapili, 13 Julai

Alfajiri nimeamshwa na tezo. Anachonga nyuma ya nyumba, kwenye kibanda ambacho hakunionyesha. Nimesikiliza kwa furaha. Mapigo mabaya. Moja zito, moja jepesi, kisha kimya, kisha linarudia. Kama mtu anayejifunza. Mzee amekwisha, mkono umemkataa. Hata huko kuna haki.

Amechonga hadi mchana. Alipotoka, kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Fundi gani anajikata.

Nimecheka peke yangu. Nimeandika hapa ili nisisahau kwamba nilicheka.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeondoka. Amenipa kifurushi kirefu kidogo, kimefungwa kwa magome ya mgomba na kamba. Kizito. Akasema, "Upelekee baba yako. Usifungue njiani."

Akabaki amesimama barabarani mpaka pikipiki ilipokata kona. Mama Hadija alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Wanaringa kwa huzuni za kuagana, nyumba hii.

Kifurushi nitakifungua kwenye mlango wa kisiwani, na nitakipasua hapohapo kwa tezo ya Baba. Kisha jina. Vyote siku moja.

Jumatano, 16 Julai. Karibu na Lualaba

Kabambare jana, leo njia nzima. Mgongo umekufa. Sikwenda nyumbani. Shangazi angenisoma usoni. Nimelala kwa rafiki yangu huku mtoni.

Nikimaliza kesho ninarudi Kasongo na kusema nilimkuta, nilimwambia, akakataa kuja. Maneno nimeyapanga. Nimeyasema kwa sauti mara mbili, yanatoka vizuri.

Alhamisi, 17 Julai. Kisiwani

Naandika nimekaa kwenye kizingiti.

Kisiwa ni kidogo. Michikichi, mihogo, nyumba chache za wavuvi, ndege weupe kwenye miti ya majini. Kanisa ni la udongo, bati lake limeshika kutu. Na mlango.

Sijawahi kuona kitu kama hiki kimetoka kwenye mikono ya watu wa kwetu. Samaki wanapanda kutoka chini hadi juu, wakubwa kwa wadogo, kila gamba limekatwa peke yake. Wale wa juu wamefungua midomo. Nililia. Nikasema, Baba, ndiyo maana ulikuwa na uchungu miaka yote.

Nikafumba macho, nikapitisha kidole.

Mikato inalala kulia.

Nikapitisha tena. Samaki wa chini, wa kati, wa juu. Nikapima kwa mkono wa pili. Kulia, yote. Ni mkono wa mimbari ya Kabambare.

Nikainama kutafuta jina. Hakuna jina. Pale chini pamekwanguliwa, shimo refu la hasira. Na mikwaruzo ile inalala kushoto.

Anayefagia kanisa, Mama Feza, akanikuta nimepiga magoti, akadhani ninasali. Nikamuuliza. Ameniambia kwamba zamani sana alikuja mtu kutoka Kasongo, akaomba kuachwa peke yake asali. Alipoondoka, jina halikuwepo. Wakamtumia fundi ujumbe aje kuliandika tena. Fundi akakataa. Jibu lake Mama Feza bado analikumbuka.

"Muache tu. Mwenye kukwangua ni mukubwa yangu."

Kwa hiyo Baba alikwisha kulikwangua. Akaniomba na mimi nije kukwangua kitu alichokwisha kukwangua. Au alitaka nione? Sijui. Hawezi kuulizwa. Nina hasira naye hata meno yanauma.

Nikafungua kifurushi, sikuwa na kingine cha kufanya.

Msalaba. Urefu wa mkono wangu. Jina la ubatizo la Baba, herufi kwa herufi. Mwislamu amemchongea kaka yake msalaba wa kaburi.

Alijua. Aliposhika begi aliisikia tezo, akajua.

Na mikato inalala kushoto. Kila mmoja. Amechonga kwa mkono usio wake, ndiyo maana yale mapigo mabaya, ndiyo maana kidole gumba cha kulia, kilichokuwa kimeshika mti. Mimi nilicheka.

Hakulia kwa sababu sikumruhusu.

Alhamisi hiyohiyo, jioni. Kasongo

Nimemwambia Shangazi kila kitu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akauliza kama ninajua nilichofanya. Nikasema najua. Matanga hayawezi kusogezwa, wageni wa mbali wamekwisha fika, mbuzi wamefungwa uani. Na Amuri hawezi kufika kabla ya Jumamosi hata akiruka.

Nikampa msalaba ausimamishe. Nikamwambia mimi sitakuwepo, ninarudi Wamaza. Akasema mtoto wa kwanza akikosa matanga ya baba yake, watu watasema nini. Nikamjibu, waseme.

Kuhusu mlango, akasema alikuwa anajua kwamba ni kazi ya Amuri. Walijua wote wa rika lao. Baba alikuwa mkubwa, nani angemwambia.

Kwa hiyo tuliodanganywa ni sisi watoto tu.

Jumamosi, 19 Julai. Kabambare

Leo wanaondoa matanga ya Baba. Mimi niko hapa ninasubiri pikipiki itengenezwe mnyororo. Mvua hakuna, jua kali, mtu anauza ndizi.

Jioni umeingia ujumbe wa simu kutoka kwa Shangazi. Msalaba umesimama. Watu waliuliza nani amechonga, naye akawaambia mbele ya wazee kwamba ni Amuri, na kwamba kutokuja kwake si kosa lake, ni langu. La pili wamelikubali. La kwanza hawakuliamini. Mafundi walipitisha vidole, wakasema huu ni mkono wa marehemu mwenyewe, alijichongea kabla ya kufa.

Nimesoma mara nyingi.

Jumapili, 20 Julai. Wamaza

Nimefika mchana. Alikuwa amekaa nje, kofia magotini. Akainuka kunipokea begi kama siku ile. Safari hii nilikataa. Nilifungua mwenyewe, nikatoa tezo, nikaiweka chini mbele ya miguu yake.

Nikasema, "Baba mudogo, mukubwa yenu amekufa."

Akasema, "Asante, mama. Sasa ninaweza kulia."

Akakaa chini vumbini akalia. Mama Hadija akatoka, naye akaanza. Nikavua kitambaa, nikakaa nao. Majirani wakaja, walikuwa kama wanasubiri.

Baadaye, kulipotulia, nikamwambia kuhusu kisiwa, na kwamba nikirudi nitasimama mbele ya wazee na kulitaja jina la mwenye mlango. Akatikisa kichwa, akasema nisiwasumbue wazee. Nikamwambia nitawasumbua.

Nikamwambia na kuhusu msalaba. Kwamba mafundi wa Kasongo wote wamekataa kuamini. Wamesema ni mkono wa Baba.

Akanitazama. Akaichukua tezo kwa mkono wa kulia, akaihamishia wa kushoto, kidole gumba bado kimefungwa. Akacheka kidogo, machozi hayajakauka.

"Basi imetoka muzuri," akasema.

Bado nina hasira, sijui tena ya nani. Mama Hadija ameita, bugali iko tayari. Tumenawa, tumekula.