Bafa, Si Bafu

Mjukuu wangu Rehema,

Kilosa mvua inanyesha, na dada yangu ananilisha mlenda mpaka basi. Jana aliuliza unafanya kazi gani huko. Nikasema unatengeneza bafa mpya.

"Bafu? Shule yote ile, anajenga bafu?"

Tulicheka! Nikamweleza kuwa ni maji ya dawa ndani ya kijibomba chembamba kama unywele. Umeme ukipita, damu ya mtoto hujigawa mafungu, na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huonekana mapema.

Akaacha kucheka. Selimundu ndiyo iliyomuua mwanawe kabla sijauhama mji huu, na majirani wakasema karogwa.

Nikamwambia majaribio yanakukatalia, unataka kuacha.

"Mwambie mimi bibi yake namwomba ajaribu tena."

Nami nakuomba, mama. Ule, ulale, kisha ujaribu.

Babu yako